Kufufua Honda CG125 ya zamani kwenye banda la uani, Dodoma

Kama hujawahi kufufua pikipiki ya zamani na unaishi Dodoma, tafuta Honda CG125. Kuna pikipiki nzuri kuliko hiyo, lakini hakuna itakayokusamehe makosa kama hiyo. Ilitoka mwaka 1976, na injini yake ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambako oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Badala ya cheni ya kuzungushia kamshafti (shafti inayoendesha valvu) juu ya hedi, yaani kichwa cha injini, ina gia chini na fimbo mbili ndefu, pushirodi, zinazopanda kusukuma roka, vile vimikono vinavyofungua valvu. Vitu vichache vya kulegea, vichache vya kupiga kelele.

Sababu ya pili ni spea. Viwanda vya China vimeinakili injini hii kwa miaka mingi, na ndiyo iliyo chini ya bodaboda nyingi za bei nafuu. Duka la spea la Dodoma mjini, Kibaigwa au Manyoni lisilokuwa na ringi, gasketi au sahani za klachi "za CG" ni la kushangaza. Sema hivyo hivyo dukani, CG, kwa sababu CB ni injini nyingine yenye cheni ya kamshafti na vitu vyake haviingiliani. Za Boxer na TVS usiziguse kabisa, hizo ni ukoo mwingine. Na hata ukiambiwa ni CG, nenda na kifaa cha zamani mkononi ukilinganishe juu ya kaunta kabla ya kutoa pesa.

Kabla ya kulipa

Mkweche wa kufufua hauchaguliwi kwa kung'aa. Siti iliyochanika, taa zilizovunjika, waya za breki zilizokatika, cheni iliyoota kutu: vyote hivyo ni vitu vya kununua mchana mmoja. Vinavyouma ni vile ambavyo nakala za Kichina hazina: tangi la asili, fremu, nyumba za injini zisizo na ufa, vifuniko vya pembeni, spidomita, na lile boksi la bati linalofunika cheni yote. Modeli nyingi za mwanzo zilikuja na boksi hilo, na wengi walilitupa kwa kuona linachelewesha kazi ya kukaza cheni. Kwa vumbi la huku kwetu ni dhahabu. Likiwepo, hata likiwa limebonyea, ongeza bei kidogo.

Kagua fremu pale usukani unapozungukia na pale mkono wa gurudumu la nyuma unapofungwa. Futa vumbi kwa kitambaa chenye petroli, tazama kama kuna mstari mwembamba wa kutu unaokata rangi. Huo ni ufa. Ufa unachomelewa, ila fremu iliyopinda mbele baada ya ajali iache hapo hapo ilipo.

Halafu karatasi. Kadi ya usajili huandika namba ya chesisi, namba ya injini na rangi. Soma namba kwenye chuma chenyewe, si kwa maneno ya muuzaji. Zisipolingana na kadi, tatizo limalizwe TRA kabla hujanunua. Na ukifika siku ya kusafisha, funika namba hizo kwa selotepu nzito: fundi mwenye grenda mkononi anaweza kuzifuta kwa sekunde tano, na hapo umejitengenezea pikipiki isiyo na jina.

Mwisho, injini. Tia gia ya juu kabisa, sukuma pikipiki mbele na nyuma taratibu. Ikizunguka, vizuri. Ikigoma, usikate tamaa wala usipande juu ya kiki kwa uzito wako wote. Kiki ikiteleza kwenye meno yake ndani, umeongeza kazi ya kupasua injini nzima.

Banda

Nafasi ya mita 3 kwa mita 2.5 inatosha. Sakafu iwe ya saruji, kwa sababu kiklipi kikidondoka kwenye udongo hukioni tena. Chini ya bati joto la saa sita mchana halifanyiki kazi, kwa hiyo panga asubuhi na jioni. Miguu ya meza ya mbao isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu, la sivyo mchwa watakuwa wameimaliza kabla hujafika kwenye rangi. Weka ndoo ya mchanga mkavu mlangoni kwa ajili ya moto, na jiko la mkaa likae mbali na banda siku zote ambazo tangi au kabureta iko wazi. Mvuke wa petroli ni mzito, hutambaa sakafuni hadi jikoni bila wewe kuuona.

Kwa vifaa: spana na soketi za 8 hadi 24, koleo la klipi, nyundo ya plastiki, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya), multimita, jiliwa, puli ya kuvutia magneto (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme) na bisibisi ya kugonga. Hiyo ya mwisho si anasa. Skrubu za Honda za Japani zinafanana na za nyota za kawaida lakini umbo la tundu ni tofauti kidogo, na bisibisi ya kawaida hupanda na kuila. Tumia bisibisi yenye alama ya JIS, au gonga kwanza. Skrubu ikiwa imeganda kwenye alumini, mwagia eneo hilo maji ya moto kutoka kwenye birika, kisha gonga: alumini hutanuka haraka kuliko chuma, nayo huachia.

Kufungua

Piga picha kabla ya kila kitu unachofungua, hasa njia za waya na kebo. Baada ya miezi miwili hutakumbuka kebo ya klachi ilipita kushoto au kulia kwa kichwa cha fremu. Boliti za kila sehemu ziende kwenye kopo lake lenye jina. Trei za mayai zinafaa sana kwa vitu vya hedi: pushirodi ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi zisichanganyike, wala roka zake, kwa sababu kila kimoja kimeshasagana na mwenzake.

Usitupe kitu. Hata kilichoharibika kabisa ndicho kipimo chako dukani.

Na usianze na rangi. Watu wengi huvua fremu, huipaka ing'ae, halafu injini inawashinda na ile fremu nzuri inageuka kiota cha kuku. Anza na injini. Ikishapumua ndipo ujue kama kazi iliyobaki inastahili pesa.

Injini iliyonata na injini iliyochoka

Kwa iliyonata, toa plagi, mimina vijiko vitatu vya chakula vya dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na oili nyepesi, rudisha plagi kwa mkono tu. Iache siku tatu hadi tano. Kila jioni tia gia ya juu na utikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma, kidogo kidogo. Mara nyingi siku ya tatu inaachia. Ikizunguka, bado usiiwashe: ringi zilizonata zimeacha alama kwenye ukuta wa silinda, na ni lazima uzione.

Kwa inayozunguka, pima kompresheni ikiwa na kebo ya mafuta imevutwa hadi mwisho. Injini nzima ya CG hapa hutoa baa 10 au zaidi. Chini ya 7 kuna kazi. Tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena: ikipanda sana, ringi ndizo zimechoka, isipopanda, hewa inapotelea kwenye valvu.

Ukitoa hedi na silinda, pima. Kipenyo cha silinda mpya ni milimita 56.5, na mwendo wa pistoni ni 49.5. Pima juu, kati na chini, kisha kwa upande mwingine. Ikizidi 56.6 popote, au ukucha wako ukikwama kwenye mkwaruzo, inahitaji kuchongwa. Pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kuliko ya asili, huenda kwa hatua za 0.25, yaani 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Nunua pistoni kwanza, upime pini yake ikiingia vizuri kwenye konrodi yako (fimbo inayounganisha pistoni na krenki), halafu ndipo umpelekee fundi wa kukereza pistoni na silinda pamoja, achonge kufuata pistoni ile ile. Wanaochonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye hurudi na nafasi kubwa mno, na pistoni inagonga kama punje za mahindi kwenye kopo. Nafasi kati ya pistoni na ukuta iwe milimita 0.03 hadi 0.05. Mwambie pia akuachie mikwaruzo myembamba ya kukatana ukutani, maana ukuta unaong'aa kama kioo haushiki oili na ringi hazitakaa.

Ringi iingize peke yake ndani ya silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Kati ya 0.15 na 0.35 ni nzuri. Ikifika 0.5 ni ya kutupa. Usifikirie kuweka ringi mpya kwenye silinda iliyotanuka ili kupunguza gharama: moshi wa bluu utarudi baada ya wiki mbili.

Shika konrodi, ivute juu na chini pistoni ikiwa imetolewa. Kulala kidogo upande ni kawaida, ndivyo ilivyotengenezwa. Lakini ikicheza juu na chini hata kwa unywele, beringi kubwa ya krenki imekwisha, na hapo injini lazima ipasuliwe na krenki iende kwenye mashine ya kugandamiza. Kazi hiyo usiifanye kwa nyundo nyumbani. Krenki inayozunguka ikiwa imepinda kidogo tu hutikisa injini mpaka inakula beringi zake mpya.

Valvu zisage kwa unga wa kusagia mpaka upate pete ya kijivu isiyokatika pande zote. Osha, funga springi zake, mimina petroli kwenye tundu la moshi kisha la hewa, subiri dakika tano. Tone likipita, rudia. Badili na sili za valvu. Ni vipande vidogo vya mpira, na joto la miaka mingi limeshavikausha.

Upande wa kulia, chini ya kifuniko cha klachi, kuna vitu viwili ambavyo wengi hawajui kuwa vipo. CG haina filta ya oili ya kubadilisha. Ina chujio la wavu linalochomolewa, na kwenye ncha ya krenki ina kikombe kinachozunguka na kutupa uchafu ukutani mwake, kimefungwa kwa skrubu tatu. Kwenye pikipiki iliyolala miaka kumi kikombe hicho huwa kimejaa tope jeusi gumu kama ugali wa jana. Lichokonoe kwa kijiti cha mbao, safisha kwa petroli, gasketi mpya. Ukiruka hatua hii oili haitafika juu, na kazi yote ya hedi itakuwa bure.

Klachi iliyolala muda mrefu hunata sahani zake: unavuta mkono lakini pikipiki bado inakwenda. Zitenganishe taratibu. Ukiweka mpya, zilaze kwenye oili usiku kucha kwanza.

Kurudisha: pistoni ina alama ya IN, na alama hiyo itazame upande wa kabureta. Ziba mdomo wa krenkikesi kwa kitambaa kabla ya kuweka klipi za pini, na klipi ziwe mpya. Ncha za ringi zipishane kwa theluthi ya duara. Nati za hedi zikaze kwa kukatana msalaba, hatua tatu, na usizilazimishe. Nati za milimita 8 kwenye alumini huishia takriban Nm 20 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Anayekaza kwa kunyonga spana ndefu huvua nyuzi za studi.

Kisha tapeti, yaani mwanya kati ya roka na valvu. Fungua kifuniko cha kushoto, zungusha magneto hadi alama ya T ilingane na alama ya nyumba, na hakikisha roka zote mbili zimelegea. Zikiwa zimebana, uko kwenye mzunguko usio sahihi, zungusha mara moja tena. Weka milimita 0.08 kwa zote mbili, injini ikiwa baridi, yaani haijawashwa tangu jana. Mafundi wa barabarani hupenda kubana tapeti ili zisipige kelele. Valvu iliyobanwa haikai vizuri kwenye kiti chake, haipoi, na inaungua. Afadhali kelele ndogo.

Kuna jambo moja la kukataa kwa nguvu. Mtu atakushauri upeleke injini ikapigwe mchanga kwa kompresa ili iwe nyeupe. Hapana. Punje moja ikibaki kwenye njia ya oili itatembea hadi kwenye krenki. Mswaki, mafuta ya taa na sabuni vinatosha.

Tangi na kabureta

Nyigu wa udongo wanapenda pikipiki iliyolala. Wachokonoe kwenye ekzosi, kwenye tundu dogo la hewa la mfuniko wa tangi, na kwenye mipira ya kabureta. Tundu la mfuniko likiziba, pikipiki huenda kilomita mbili na kuzimika, ukifungua mfuniko inawaka tena. Watu wamebadili koili nzima kwa sababu ya nyigu.

Kutu ya ndani ya tangi huondoka kwa uvumilivu. Mwaga petroli yote, toa koki, ziba tundu lake. Tia kokoto ndogo safi au kipande cha cheni cha sentimita 40, na maji ya sabuni, tikisa dakika kumi upande huu na ule, mwaga, hesabu kokoto zilizotoka. Jaza siki nyeupe hadi juu kabisa, maana kutu mbaya zaidi iko darini mwa tangi, na uache saa 24 hadi 48. Mwaga, suuza, halafu maji ya lita 5 yenye vijiko vinne vya magadi soda ili kuua ukali wa siki.

Hapa ndipo maji ya Dodoma yanapokuja. Maji ya visima vya huku yana chumvi, na tangi likioshwa nayo na kuachwa wazi jioni, asubuhi lina rangi ya chungwa. Suuza ya mwisho kwa lita mbili za maji ya betri (yale yaliyosafishwa, si asidi), kausha mara moja kwa draya ya nywele, na bila kusubiri zungusha ndani mchanganyiko wa petroli na oili ya tu-stroki. Kila ukuta ulowe.

Tangi linalovuja na linahitaji moto: usimpe fundi wa kuchomelea tangi lililotoka kumwagwa petroli jana. Tangi "tupu" ndilo linalolipuka, si lililojaa. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, kisha lijazwe maji hadi chini kidogo ya sehemu inayochomelewa. Kwa vitundu vya sindano, risasi ya kuyeyusha ni salama zaidi.

Kabureta ya asili ni Keihin, na ni bora uitengeneze kuliko kufunga mpya ya bei rahisi. Ikibidi kununua, pima umbali wa matundu mawili ya boliti kwanza. Usiichemshe kwenye ndimu wala siki, kwa sababu mwili wake ni aloi ya zinki na asidi huila. Jeti zisafishe kwa dawa ya kabureta na uzi mmoja wa shaba uliotoa kwenye waya wa taa. Sindano ya kushonea hutanua tundu, na pikipiki itakula mafuta maisha yake yote. Badili sindano ya boya na oringi zote. Skrubu ya hewa ifunge taratibu hadi iguse, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kiasi cha asilimia 10. Pikipiki iliyotoka pwani itakuwa na mafuta mengi kidogo hapa, plagi ikiwa nyeusi. Shusha sindano ya kabureta hatua moja, yaani klipi ipande kwenye tundu la juu zaidi ili sindano ishuke. Lakini ukipanga kushuka nayo Morogoro au pwani, irudishe, maana mchanganyiko uliopunguzwa hapa huko chini unakuwa mkavu na injini inachemka.

Umeme

Modeli za mwanzo zina volti 6 na pointi, swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche. Usizidharau, shida ni balbu na betri kupatikana. Pointi zisuguliwe kwa msasa laini, mwanya wake milimita 0.3 hadi 0.4, na cheche itokee alama ya F ikifika kwenye mstari. Ukiona cheche kubwa ya buluu kwenye pointi zenyewe na plagi dhaifu, kapasita imekufa. Plagi ni NGK D8EA, mwanya 0.6 hadi 0.7.

Kubadili kwenda volti 12 na CDI (cheche ya kielektroniki isiyo na pointi) kunawezekana kwa kuweka magneto na koili za injini ya Kichina ya CG, lakini magneto lazima ikae kwenye koni ya krenki yako bila kucheza na ufunguo uingie. Pakaza wino wa kalamu kwenye koni, bana kwa mkono, toa: wino usipofutika pande zote, hiyo si yako. Ukibadili, badili vyote pamoja: betri, balbu zote, honi, flasha na rekitifaya. Balbu moja ya volti 6 ikisahaulika inaungua papo hapo.

Waya zilizoliwa na panya zisiungwe kwa selotepu. Vuta mpya, milimita za mraba 0.75 kwa taa na 1.5 kwa njia kuu, na fyuzi ya ampea 10 karibu na betri. Na kumbuka hili baada ya rangi: fremu ndiyo waya wa kurudisha umeme. Pale kebo ya hasi na boliti za injini zinapogusa fremu, kwangua rangi hadi chuma kionekane, paka grisi kidogo, funga. Taa zinazofifia kwenye pikipiki iliyotoka kupakwa rangi, mara tisa kati ya kumi ni hapo.

Magurudumu, breki, usukani

Namba ya beringi imechorwa kwenye beringi yenyewe, mara nyingi 6301 au 6302. Nunua zenye mfuniko wa mpira pande zote mbili, alama 2RS, kwa ajili ya vumbi. Ziweke kwenye friza usiku, habu imwagie maji ya moto, na zitaingia kwa kugongwa kidogo tu kwa soketi inayogusa pete ya nje. Ukigonga pete ya ndani umeiharibu kabla haijazunguka.

Gololi za usukani zihesabu unapozitoa, juu na chini. Kama vikombe vyake vina vishimo, usukani utakuwa unakwama katikati barabarani. Badili vikombe na gololi pamoja.

Ngoma ya breki ina kipenyo cha milimita 110, mwisho wake ni 111. Vumbi la breki shuu za zamani linaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo lilowanishe na ufute, usilipulize kwa kompresa. Spoku zigonge kwa spana moja moja: inayolia nzito imelegea. Rimu isicheze zaidi ya milimita 2 ukiwa umeshika kalamu kwenye foku. Tairi za zamani, hata kama kashata zake zimejaa, zikishapasuka pembeni kwa jua ni za kutupa.

Cheni ni 428. Badili cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, na iache ilegee milimita 20 katikati.

Rangi

Msimu wa kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo wa Dodoma huinua vumbi ifikapo saa nne asubuhi. Paka kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, sakafu na kuta zikiwa zimemwagiwa maji, mlango umefungwa nusu. Ikiwa asubuhi ni ya baridi sana, weka kopo la rangi kwenye beseni la maji ya vuguvugu, isitoke nzito.

Fremu inaweza kupigwa mchanga, mradi matundu ya usukani na nyuzi zote yamezibwa. Kwa tangi tumia msasa: 120, 240, 400. Puti iwe nyembamba. Ikizidi milimita 2 itapasuka kwa mtikisiko. Praima ya epoksi mikono miwili, msasa wa 400 wa maji, rangi mikono mitatu myepesi kwa kuachana dakika 10 hadi 15, kisha vanishi. Vanishi ya tangi lazima iwe ya kuchanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha. Ile ya kopo la kupuliza la kawaida huyeyuka siku ya kwanza petroli ikimwagika, na unabaki na mstari mbovu chini ya mfuniko. Hadina ni sumu ya mapafu: barakoa ya kitambaa haisaidii, tafuta yenye filta za kemikali. Subiri wiki mbili kabla ya kujaza mafuta.

Ukibadili rangi iliyoandikwa kwenye kadi, kairekebishe. Binafsi tungebaki na rangi yake ya kiwandani.

Kromu yenye kutu ya juu juu sugua kwa karatasi ya alumini iliyoloweshwa maji. Inashangaza jinsi inavyorudi. Iliyobanduka haina dawa ya nyumbani.

Kuwasha

Oili lita moja, 10W-40 au 20W-50 yenye alama ya JASO MA. Oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya CG inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, hivyo itateleza. Ukiwa umetoa plagi, piga kiki mara 30 hadi 40 mpaka uone oili imefika kwenye roka. Hapo ndipo urudishe plagi.

Isipowaka, fuata mpangilio: cheche, mafuta, kompresheni. Toa plagi, iweke juu ya hedi, piga kiki. Cheche ikiwepo na plagi ni kavu, mafuta hayafiki. Plagi ikiwa imelowa, mafuta yamezidi au cheche inakufa ikibanwa na kompresheni, na hapo kapasita au koili ndiyo ya kushuku. Moshi mweupe wa dakika chache ni oili uliyoimwaga wakati wa kazi. Wa bluu usiokoma ni ringi au sili za valvu. Mweusi ni mafuta mengi.

Kilomita 200 za mwanzo usivute mkono wa mafuta kupita theluthi mbili, na usiende mwendo mmoja muda mrefu: panda, shuka, badili gia. Usiipakie mtu. Baada ya hapo mwaga oili, utaona inang'aa kwa chembe za chuma, na hiyo ni kawaida kwa mara ya kwanza tu. Kaza nati za hedi tena, pima tapeti, gonga spoku. Oili inayofuata baada ya kilomita 1,000.

Filta ya hewa ya sponji ioshe kwa mafuta ya taa kila kilomita 500 wakati wa kiangazi, ikauke kivulini, ilowe oili ya gia, ikamuliwe. Watakaokuambia uitoe ili injini ipumue waulize silinda zao zimechongwa mara ngapi.